Huduma ya mhudumu wa nyumbani kwa mzazi: kazi yao nzuri, ila bili isome hivi kabla hujasaini

Wadau, naona watu wengi wanauliza kuhusu hizi kampuni zinazoleta mhudumu nyumbani kwa ajili ya wazee na swali huwa ni lile lile, saa moja bei gani. Sisi tupo na kampuni moja tangu bi mkubwa alipopata kiharusi, jina siliweki mana mambo nnayoeleza mtakutana nayo kwenye kampuni nyingi tu, na nasema mapema kabisa kwamba bei ya saa haikwambii kitu. Ulizeni bili ya wiki nzima, kwa mzee wenu kama alivyo, na usiku wake na Jumapili zake, na iandikwe kwenye karatasi. Kwa upande wa kazi nawapa nyota nne na nusu, kwa upande wa hela nawapa mbili na nusu, na ntaeleza kwa nini.

Nianze na kazi yenyewe mana ndo sababu bado tupo nao. Dada anayekuja asubuhi anajua anachokifanya. Bi mkubwa mkono na mguu wa kushoto hauna nguvu, sasa mwangalie anavyomtoa kitandani: anamgeuza ubavu, anamkalisha ukingoni miguu ikanyage chini, alafu anatulia naye hapo wanapiga stori kidogo, hamnyanyui saa hiyohiyo, kwa sababu mzee akiinuka ghafla presha inashuka, kizunguzungu kinakuja na kuanguka ni hapohapo. Kumvalisha anaanza na mkono mgonjwa, kumvua anaanza na mkono mzima. Ni kitu kidogo lakini blauzi inaingia bila kuvuta bega, na bega la mtu wa kiharusi likivutwa vibaya linauma muda mrefu. Akimaliza anaandika kwenye daftari, saa aliyoingia, saa aliyotoka, mgonjwa amekula kiasi gani, amepata choo au la, ngozi ya visigino na makalio ikoje. Lishikeni hilo daftari mana ntalirudia kwenye bili.

Sasa hela. Kabla ya yote kampuni inamtuma nesi kufanya tathmini. Wa kwetu alikaa sana, aliuliza vitu sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kuweza kujizuia haja, na kula mwenyewe. Hii orodha sio ya kampuni, ilitungwa na daktari Sidney Katz na wenzake, ikachapishwa 1963 na mpaka leo inatumika dunia nzima. Baada ya hapo akauliza mambo mengine kama kupika, kufua, kwenda dukani, kupiga simu, kushika hela zake mwenyewe na kunywa dawa kwa wakati, hayo nayo yana orodha yake ya Lawton na Brody ya 1969. Watu wengi wanajibu haya maswali harakaharaka ili nesi aondoke, na wengine wanapunguza makali kwa kumwonea mzee aibu mbele ya mgeni, "hapana chooni anaenda mwenyewe". Msifanye hivo kabisa, mana kila jibu hapo linageuka kuwa dakika, na dakika zinageuka kuwa masaa, na masaa ndo bili. Ukipunguza utapewa masaa machache, wiki inayofuata mnaanza kuongeza yale ya dharura ambayo kwenye mikataba mingi yana bei ya juu zaidi.

Na kuna kitu hapo ambacho naomba kila mwenye mzazi akielewe. Bili haipandi kwa sababu ugonjwa ni mkubwa, inapanda kwa sababu msaada haupangiki. Kuoga kunapangika, mhudumu aje saa moja asubuhi amwogeshe amvalishe aondoke. Kufua kunapangika. Dawa za asubuhi na jioni zinapangika. Ila choo hakipangiki! Mzee akishindwa kwenda chooni peke yake, au akiwa anatoka kitandani usiku anazurura kwa sababu ya ugonjwa wa kusahau, basi lazima mtu awepo muda wote, na hapo mnatoka kwenye masaa machache kwa wiki mnaingia kwenye wiki nzima yenye masaa 168. Ndo mana unaweza kukuta mzee mwenye kansa anayejimudu analipiwa kidogo kuliko mzee mzima wa mwili aliyepoteza kumbukumbu. Kwa hiyo kama kuna hela ya kutumia, itumike kwanza kufanya choo kipangike au kiwezekane bila mtu: vyuma vya kushikilia ukutani, kiti cha choo pembeni ya kitanda, taa ya usiku, nguo za kuvuta tu zisizo na vifungo. Nesi wetu alilisema hili siku ya kwanza bila kuulizwa wakati kwa kampuni ni kujipunguzia masaa, namshukuru sana kwa hilo.

Haya, bei ya saa yenyewe. Mkataba wetu una kima cha chini cha masaa matatu kila wanapokuja, hata kama kazi ni ya dakika arobaini mnalipia matatu. Hili sio wizi, mhudumu naye ana safari ya kuja na kurudi na hawezi kuishi kwa dakika arobaini, lakini ukipanga aje asubuhi na jioni ujue ni masaa sita kila siku hata kama kafanya kazi masaa mawili. Sisi tulichofanya ni kujaza yale masaa, kuoga, mazoezi ya viungo aliyoachiwa na mtaalamu, kubadilisha mashuka, kumtembeza kidogo uani, mpaka muda wote ukawa na kazi. Wikiendi ni nusu zaidi ya bei ya kawaida, sikukuu ni mara mbili, na hili halikuwa kwenye kipeperushi chao, lilikuwa ukurasa wa nyuma wa mkataba kwa maandishi madogo.

Usiku ni habari nyingine. Kuna usiku wa kulala, mhudumu analala hapo na anaamka akiitwa mara moja mbili, na kuna usiku wa kukesha, yupo macho mpaka asubuhi. Bei zake ziko mbali sana. Ugomvi unakuja pale mliponunua usiku wa kulala na mzee anaamka kila saa, au ni mgonjwa wa kugeuzwa kitandani kila masaa mawili ili asipate vidonda, hapo kampuni itakwambia huu sasa ni usiku wa kukesha, na kusema ukweli wana haki. Ulizeni mapema ni kuamka mara ngapi ndo kunabadilisha bei, na iandikwe namba, sio "mara kwa mara".

Alafu kuna hili la mhudumu wa kuishi ndani, watu wanalisikia wanadhani wamepata masaa ishirini na nne kwa bei ya mtu mmoja. Binadamu mmoja hawezi. Mkataba wa kimataifa wa wafanyakazi wa majumbani, namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2011, unataka mapumziko ya wiki yasiyopungua masaa 24 mfululizo, na hata kama usingekuwepo, mtu asiyelala ndo anayemwangusha mzee bafuni. Piga hesabu mwenyewe, wiki ina masaa 168, mtu akifanya kazi masaa 40 unahitaji watu zaidi ya wanne ili awepo mtu macho muda wote. Kampuni ikikwambia mtu mmoja anatosha kwa uangalizi wa usiku na mchana basi kuna mtu anaumizwa, na ukipewa mhudumu wa kuishi ndani uliza siku yake ya kupumzika nani anakuja na analipiwa na nani. Sisi siku ambayo mhudumu hayupo tunakaa watoto kwa zamu, na masaa yetu ndugu zangu nayo ni gharama, mdogo wangu amepunguza kazi kwa ajili ya hili na kwenye kikao cha familia tulikubaliana mchango wake uhesabiwe kama wa sisi tunaotoa hela. Nashauri sana mkae mlizungumze hilo mwanzoni kabisa, mana anayebaki na mzazi kila siku ndo huwa hahesabiwi.

Kitu kingine kilichokuwa kinakula hela ni nesi. Kampuni ilipendekeza nesi kwa shifti nzima kwa sababu bi mkubwa alikuwa na mpira wa mkojo na kidonda kidogo. Lakini kazi ya kinesi hapo ni kubadilisha mpira na kusafisha kidonda, hiyo haizidi saa moja, masaa yaliyobaki ni kuoga, kula na kugeuzwa, kazi ambayo mhudumu aliyefundishwa anaiweza. Tukaomba nesi awe anapita tu na mhudumu ndo akae. Bili ilishuka palepale na huduma haikupungua. Ila msiende upande wa pili mkamwachia mhudumu achome insulini au avute mpira ili kuokoa hela, akikosea hapo mtalipa kwa namna nyingine.

Na kama mzee ni mzito au hasimami kabisa, ulizeni kama kumnyanyua kunataka watu wawili. Watu wawili ni bili mbili. Mashine ya kunyanyulia ikiwepo kuna wagonjwa ambao mtu mmoja aliyefundishwa anatosha, wengine bado wawili, hiyo aamue mtaalamu. Vifaa vya namna hii watu wanavikwepa mana bei yake inatisha kwa mara moja, wakati mtu wa pili mnamlipa kila siku. Alafu glovu, pampasi za watu wazima, wipesi, mafuta ya kukinga ngozi, mpira wa kufunika godoro, hivyo vyote viko nje ya bili na haviishi. Maji na umeme pia vitapanda, mashuka yanafuliwa kila siku.

Bima nayo isiwape matumaini bila kusoma. Bima nyingi za afya zinalipia matibabu, sio kumwogesha mtu na kumvalisha. Kuna nchi zimeweka bima maalumu ya uangalizi wa muda mrefu, Ujerumani ilianza 1995 na Japani 2000, huko mtu anapimwa kiwango cha utegemezi na fungu linatoka kufuatana na hicho kiwango. Kwingine tafuta kwenye mkataba wako neno uangalizi wa nyumbani, na usikie wenyewe wanasema nini kwa maandishi.

Wengi mtauliza kwa nini tusiajiri mtu wenyewe. Kwa saa ni rahisi zaidi, ndiyo, na usiku tumefanya hivo. Ila ukiajiri wewe ndo bosi, likizo yake, siku akiumwa, bima ya akiumia kazini, makato ya sheria, yote juu yako, na asipotokea alfajiri hakuna wa kumpigia. Kampuni inachukua sehemu kubwa ya ile bei kwa ajili ya hayo, sina ugomvi nalo kama kweli wanayafanya. Hapo ndo nilipowakata nyota. Walikuwa wanabadilisha watu wa jioni bila taarifa, leo sura hii kesho nyingine, bi mkubwa anafunuliwa nguo na mtu asiyemjua jina. Mzee sio godoro la kugeuzwa na yeyote aliyepo! Nilipowauliza wale wadada wakaniambia wanalipwa kidogo sana kulinganisha na tunachotoa sisi, kwa hiyo wakipata pengine wanaondoka. Siku hizi swali langu la kwanza kwa kampuni yoyote ni mhudumu mwenyewe anapata kiasi gani kati ya ninachotoa, na wakikataa kujibu nalichukua hilo kama jibu.

Sasa lile daftari. Kila mwisho wa mwezi mdogo wangu anakaa na bili pembeni na daftari pembeni anafuatilia mstari kwa mstari. Amekuta masaa ya siku ambayo mtu hakuja, amekuta sikukuu imehesabiwa siku mbili, amekuta kitu kimeandikwa "huduma ya ziada" bila tarehe. Ofisi yao wakionyeshwa daftari wanarekebisha bila makelele, sijawahi kuona wakibisha, lakini wenyewe hawajawahi kugundua hata kosa moja lililotuumiza sisi. Kwa hiyo daftari libaki nyumbani, mhudumu asaini na mmoja wenu asaini, kila siku.

La mwisho ni kipengele cha kulazwa. Mzee akilazwa hospitali, mkataba wao ulisema mnaendelea kulipa ili nafasi yake isichukuliwe, wakati huohuo mnalipa hospitali, na ukitaka kuvunja mkataba notisi ni mwezi mzima vinginevyo dipoziti haitoki. Ombeni kibadilishwe kabla ya kusaini. Sisi walikubali siku chache za kushikilia nafasi kwa nusu bei, baada ya hapo bili inasimama mpaka mgonjwa arudi nyumbani, na notisi ikashuka kuwa wiki mbili, wakaandika na kugonga muhuri.