Uzoefu wangu: Excalibur uliokatikia sebuleni

Upanga ulikatika Jumapili, biriani ikiwa bado jikoni. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliutungua ukutani, akaushika kwa mikono miwili kama wafalme wa kwenye picha, akaunyanyua karibu uguse taa, akaushusha. Si kwa nguvu. Nilikuwepo, nina macho. Mikononi akabaki na mpini mtupu. Bapa liliruka, likapita karibu na sikio la mgeni wetu mmoja, likajichomeka kwenye kochi ambalo bado tunalilipia. Watu wazima wote tukawa mabubu. Binti yangu, ana miaka kumi, akasema taratibu: "Baba, ule si Excalibur."

Basi ndugu zangu, huo ndio upanga ninaotaka kuwaeleza: mfano wa Excalibur, upanga wa Mfalme Arthur wa hadithi za kale za Uingereza. Urefu wake, uzito wake, chuma chake, yote yako kwenye tangazo la duka, na tangazo ni zuri kweli. Mimi nitasema yale ambayo tangazo limeyameza.

Tuliununua majira ya joto. Mwezi siukumbuki, nakumbuka mvua. Tunaishi Bristol, Uingereza, na binti alikuwa amefundishwa habari za Mfalme Arthur shuleni mpaka hana lingine la kuongea, kwa hiyo tukampeleka Cornwall, Tintagel, ule mwamba uliochomoza baharini ambapo Geoffrey wa Monmouth, mwandishi wa zamani, aliandika kwamba mimba ya Arthur ilitungwa. Kuna daraja la waenda kwa miguu lililofunguliwa 2019, na upepo ukilipiga ukiwa katikati unakumbuka madeni yako yote. Ng'ambo kuna sanamu ya mfalme mwenye upanga, ina matobo mwilini, unaiona bahari kupitia kifuani mwake. Hapo ndipo binti alipoanza kulia kwamba na yeye anataka wake.

Duka sitalitaja. Liko mbali kidogo na hapo, na wenyewe wakisoma watajijua.

Nitakuwa mkweli: siku ile niliupenda upanga kuliko hata binti alivyoupenda. Uling'aa. Ulikuwa mzito wa kuridhisha. Ukiushika unajiona kumbe ulizaliwa na ufalme, ni karatasi tu zilizochelewa. Bei iliniuma lakini nikalipa.

Sasa kikadi. Ulikuja na kikadi cha maandishi ya dhahabu kinachosema kwamba huu ni Excalibur, upanga ambao Mfalme Arthur aliuchomoa jiweni baada ya kukabidhiwa na Bibi wa Ziwani, yule mwanamke wa ajabu anayekaa majini. Binti akakisoma kwa sauti palepale kaunta, akamwuliza muuzaji: "Kama alikabidhiwa, jiweni aliuchomoa wa nini?" Muuzaji, mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo, hata kichwa hakuinua. "Yote ni yale yale, mpenzi wangu." Kule Cornwall kila mtu ni mpenzi. Unaweza kupendwa na kufukuzwa kwa pumzi moja.

Nilicheka. Bado nilikuwa na furaha. Hata nilipoambiwa kwamba ala, ile ala ya ngozi iliyovishwa upanga kwenye picha ya dirishani, inauzwa kando, sikukasirika. "Unataka upanga, au na ala?" akauliza. Nikajibu upanga unatosha. Shikeni hapo kwanza, nitaparudia.

Ulipokatika nilifunga vipande kwenye blanketi, nikaendesha karibu saa tatu kurudi kwao. Kabla ya kuondoka niliuchungulia msuka, yaani kile kichuma kinachoingia ndani ya mpini. Jamani. Kisu cha mama yangu cha kukatia sukuma kule Mombasa kina msuka uliopita mpini wote na kupigwa ribiti tatu, na kimeshazika majirani wawili. Huu upanga wa mfalme msuka wake ni ufito mwembamba kama kalamu, umechomelewa kwenye bapa na kufungwa kwa nati. Palipochomelewa ndipo palipokatika. Hilo si jambo la kubahatisha, ukiona tu unajua kwamba ulitoka kiwandani unangoja shemeji.

Yule mama hakuugusa. Alivaa miwani, akatazama, akavua miwani. "Huu ni wa kutundika, mpenzi wangu, si wa kupigania. Mlikuwa mnapigana?"

Nikamwambia hatukuwa tunapigana, tulikuwa tunasubiri chakula. Nikamwambia na kikadi chenu pia kina makosa, mmechanganya panga mbili. Hapo ndipo alipogeukia foleni, akawaambia watu, si mimi, watu: "Ni visa vya watoto. Yote ni yale yale. Nani alikuwepo?" Na mtu mmoja nyuma yangu akacheka.

Kicheko kile ndicho kilichoniandikisha haya. Kochi nimelisamehe.

Nafanya kazi ya usiku, nalea wazee. Wakishalala nyumba yote inakuwa kimya, na badala ya kuchezea simu nikaanza kusoma. Nia ilikuwa moja tu: nimpate yule mama na kosa la wazi, nimwandikie barua ya kumfunga mdomo.

Nilianza vizuri. Kisa cha Kiwelshi cha Culhwch na Olwen kinauita upanga Caledfwlch. Arthur anamwambia kijana aombe chochote isipokuwa meli yake, joho lake, upanga, mkuki, ngao, kisu na mke wake. Mke katajwa wa mwisho, tuliache hilo. Hakuna jiwe, hakuna ziwa. Geoffrey naye, karibu mwaka 1136, anauita Caliburnus, anasema ulifuliwa kisiwani Avalon. Hakuna jiwe, hakuna ziwa. Nikawa nachekelea peke yangu gizani. Chrétien de Troyes, Mfaransa, yeye anamvisha Gawain, mpwa wa mfalme, kana kwamba ni mwavuli wa kuazimana.

Jiwe linaletwa na Robert de Boron, mshairi wa Kifaransa, karibu mwaka 1200, tena si jiwe tupu. Juu ya jiwe kuna fuawe, fuawe ya mhunzi, na upanga umechomekwa kwenye fuawe. Kwenye kikadi changu kumechorwa jiwe kama kiazi kikuu, fuawe hakuna. Nikaandika kwenye daftari: kosa la pili.

Kisha nikakuta kwamba mwaka 1191 Richard Moyo wa Simba, akiwa njiani kwenda vita vya msalaba, alipita Sicily akamzawadia Mfalme Tancred upanga ulioitwa Caliburn wenyewe. Wenyewe! Na ni miaka hiyo hiyo watawa wa Glastonbury, Uingereza, walipotangaza kwamba wamelifukua kaburi la Arthur. Kumbe biashara ya yule mama ina zaidi ya miaka mia nane. Sisi tumekulia kwenye kisa cha Fumo Liyongo, aliyeuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni, na sijapata kuona mtu kule mjini Kipini, kwao Liyongo, akiuza sindano yenye cheti.

Ndipo nikafika kwa Thomas Malory, Mwingereza ambaye kitabu chake kilipigwa chapa na Caxton mwaka 1485, na Malory akanigeuka.

Mwanzo anakwenda sawa. Arthur ni kijana tu, anamtafutia kaka yake Kay upanga, anauchomoa ule wa kwenye fuawe uani mwa kanisa London. Baadaye kidogo yuko vitani, anauchomoa, unawaka machoni mwa adui kama mienge thelathini, na Malory anasema jina lake: Excalibur. Haya. Kurasa chache mbele upanga wa jiweni unavunjika vipande viwili akipigana na Mfalme Pellinore. Merlin, mchawi wake, anampeleka ziwani, mkono wa nguo nyeupe umetokeza majini umeshika upanga, na huo nao ni Excalibur! Kitabu kimoja, mtu mmoja, panga mbili, jina moja. Na Wafaransa kabla yake walishagawanyika, huyu wa jiweni, huyu wa ziwani. Hata mtu wa kuurudisha upanga majini mwishoni hawakubaliani. Kwa Wafaransa Arthur akiwa anakata roho anamtuma askari wake Girflet akautupe, kwa Malory anamtuma Bedivere, naye Bedivere akiona vito vya mpini anauficha chini ya mti na kurudi. Arthur anamwuliza, umeona nini? Mawimbi na upepo tu, bwana wangu. Mara mbili anamdanganya mtu anayekufa. Ya tatu ndipo anautupa kweli, mkono unatoka majini, unaudaka, unaupunga mara tatu na kuzama nao.

Kwa hiyo kikadi cha dhahabu hakikuzua. Kilikoroga tu uji uliokwisha kukorogwa na wakubwa. Usiku ule nilimchukia Malory kuliko nilivyomchukia yule mama, na nilikuwa nimekwisha kumpandisha nyota za tathmini hii mbili, hata tatu. Nilijiambia pengine kaniuzia ule upanga wa jiweni, na wa jiweni mwenzangu huwa unakatika, imeandikwa, kosa liko wapi?

Nikaendelea kusoma nikiwa nimetulia. Nisingeendelea.

Morgan le Fay, dada yake Arthur kwa mama, anamwibia Excalibur, anampa mpenzi wake Accolon, na Arthur anatumiwa wa bandia unaofanana nao kila kitu. Wanapigana wawili hao bila kujuana. Upanga wa Accolon kila ukishuka unatoa damu, wa Arthur haukati. Mwishowe upanga wa Arthur unakatika penye msalaba wa mpini, bapa linaanguka majanini, naye mfalme kabaki na mpini mkononi.

Nilisimama. Mzee mmoja aliita chumbani kwake, nikamwambia nakuja, sikwenda upesi. Ule wa Pellinore ulivunjika vipande viwili. Wangu hauna hata alama kwenye bapa, ulikatikia penye mpini, bapa likaanguka, shemeji kabaki ameshika. Katika kisa kizima upanga unaokatika namna hiyo ni mmoja, nao ndio wa bandia. Nimeuziwa upanga wa Morgan. Nyota zote nikazifuta.

Na ile ala niliyosema tutairudia. Pale ziwani Merlin anamwuliza Arthur kipi anakipenda zaidi, upanga au ala. Arthur anasema upanga. Merlin anamwambia huna akili, ala ni bora mara kumi kuliko upanga, maana aliyeivaa hapotezi damu hata ajeruhiwe vipi. Mimi niliulizwa swali lile lile kaunta, na mama yule yule anayesema yote ni yale yale, nikajibu kijinga vile vile. Nilisoma hapo mara tatu. Sikujua nimkasirikie nani.

Barua niliandika, kurasa nne, na Accolon nimemtia. Jibu likaja mistari miwili: pesa za mapambo hazirudishwi, lakini kwa hisani yao wananitumia ala moja bure. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Ala ikafika. Na hapa lazima niseme haki, hata kama inanichoma: ni nzuri. Ngozi nene, imeshonwa kwa mkono, harufu yake ni kama duka la viatu la zamani. Haina kasoro hata moja. Binti anaivaa kiunoni kila akitoka, anaweka filimbi ya shule ndani. Ni mtoto wa kuanguka kila siku, magoti yake tunayajua sote. Tangu ameanza kuivaa hajachubuka. Sisemi kitu. Nasema hajachubuka.

Kwa hiyo anayekwenda pande zile na akaliona duka, anunue ala. Nyota tano. Upanga asiushike hata kwa kuonja, na akiulizwa swali kaunta afikiri kwanza. Yule mama simsamehi. Yaani, ningemsamehe kama asingewageukia watu wa foleni. Lakini ukweli ni kwamba bila yeye nisingesoma chochote, na binti sasa ananisubiri asubuhi nikitoka kazini nimsimulie nilipofika, chai yangu ameshaimimina. Basi mama nampa mbili. Moja na nusu.

Kimebaki kile chuma. Mke wangu amesema bapa litoke nyumbani, hataki kuliona, na kituo cha taka cha manispaa wanapokea vyuma. Nimekwenda mara mbili.

"Umelitupa?"

"Nimelitupa."

"Muda wote huo, uliona nini huko?"

"Foleni na mvua tu."

Liko kibandani nyuma ya mashine ya kukatia majani, nimelifunga lile blanketi. Jumamosi anasema tutakwenda wote.