Kava la pikipiki lililobabuliwa na bomba la moshi: uzoefu wangu kwa fundi wa plastiki Chake Chake

Kava la kulia la pikipiki yangu limerudi kwenye umbo lake, halina lengelenge, na tangu litoke kwa fundi nimeshapanda nalo milima ya njia ya Mkoani kwenye jua la mchana bila ya kuona dalili mbaya. Naandika kwa sababu hapa Pemba plastiki ikibabuka wengi tunaona dawa ni moja tu, kuagiza jengine Dar na kulisubiri kwa meli. Nami niliuliza. Kava la mtumba, pamoja na usafiri, lilikuwa linanifikia kama shilingi 250,000, na hilo ni la rangi nyengine kabisa. Kulitengeneza hili hili nimelipa 70,000, rangi ikiwa ndani yake.

Pikipiki yenyewe ni ya cc 250, mtumba wa Japani, ya yale makava yanayoshuka pande zote mbili mpaka chini ya injini. Maradhi yalianza baada ya kufunguliwa hedi, yaani kichwa cha injini, katika gereji moja. Iliporudi ilikuwa na mlio mpya, tik-tik-tik ya haraka inayosikika sana asubuhi injini ikiwa baridi, halafu inafifia ikishapata moto. Baadaye rangi ikaumuka usawa wa shingo ya bomba, plastiki ikasinyaa na kuingia ndani, na mpasuko ukatoka kwenye tundu la skrubu ukashuka chini. Mafundi niliowaonyesha mwanzo wote walitaka kupiga puti, kupaka rangi na kunipa pikipiki yangu.

Huyu wa Machomane, hapa hapa Chake Chake, nilielekezwa na dereva wa bodaboda. Ni mtu mzima, na kazi yake ni plastiki peke yake: makava, maganda ya taa, matangi ya maji yaliyopasuka. Nikamuuliza, “Ami, hili litapona?” Akaligeuza, akalitazama, akasema, “Litapona, mwanangu. Lakini kwanza tumjue aliyelichoma.”

Hapo ndipo aliponipata. Hakuligusa kava. Alichanganya maji na sabuni ya unga, akapaka kwenye shingo ya bomba pale linapokutana na hedi, injini ikiwa baridi, kisha akaniambia niwashe. Mapovu yakatoka upande mmoja tu, ule unaotazama kava, yakipuliza kwa kila mpigo wa injini. Alipofungua tukaona mstari mweusi wa masizi, nati moja imelegea, na gasketi, ile pete inayoziba moshi kwenye kiungo, ni ile ile ya zamani iliyorudishwa baada ya hedi kufunguliwa. Gasketi ya pale hubanwa ikajaa nafasi yake mara moja tu, hairudii. Bomba likishatolewa hutiwa mpya. Kumbe ule mlio wa asubuhi ulikuwa moshi unapenya hapo, na chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba kidogo, ndiyo maana ulikuwa unafifia.

Hesabu ya joto ni rahisi kuielewa. Plastiki nyingi za makava ni ABS, na ABS huanza kulegea karibu na digrii 105. Bomba karibu na injini huweza kupita digrii 300 ukiwa unapanda mlima. Kinachoiokoa plastiki ni ile nafasi ya hewa katikati, na upepo unaopita pikipiki ikienda. Sasa ukiwa na tundu linalopuliza moshi wa moto moja kwa moja kwenye plastiki, nafasi hiyo haikusaidii kitu. Na ukisimama na injini inawaka, kama tunavyofanya tukisubiri watu bandarini Mkoani, hata upepo haupo.

Akaendelea. Bushi, yaani kile kipete cha kwenye kishikio cha bomba, haikuwepo, kwa hiyo bomba lilikuwa limeegemea ndani kuliko inavyotakiwa. Akafungua plagi kuitazama rangi. Ilikuwa ya hudhurungi, akaridhika. Ingekuwa nyeupe, alisema, angenirudisha kwa fundi wa injini, kwa sababu mafuta yakiwa machache mno kwa hewa inayoingia joto linazidi na kava litaungua tena.

Baada ya gasketi mpya na bushi ndipo tukaja kwenye plastiki. Kwa ndani, karibu na ukingo, kuna herufi ndogo zilizochapwa: ABS. Hakuziamini peke yake. Alikwangua kipande chembamba kama ukucha, akakitia kwenye kizibo cha chupa chenye asetoni. Kikalainika, kikawa kinanata kidoleni. Plastiki nyengine, ile ya PP inayotumika sana kwenye madigadi, isingefanya hivyo, na isingekubali kuungwa kwa njia ile ile. Hili lilinifurahisha sana, maana ukichomelea plastiki mbili zisizopatana kiungo kinashika kwa macho tu.

Sehemu iliyoungua mpaka ikawa nyeusi na yenye matundu aliikata yote. Plastiki iliyokwisha kuungua haina nguvu tena, alisema, na puti itakayokaa juu yake itang'oka. Ile iliyopinda tu aliipasha kwa mashine ya hewa moto, akiizungusha bila kusimama mahali pamoja, na ilipolegea akaibana kwa kibao kilichofungwa kitambaa kibichi mpaka ikapoa. Hakuwa na haraka hata kidogo. Kwenye mwisho wa mpasuko alitoboa kitundu kidogo ili usiendelee kutembea, akauchimba mfereji kwa urefu wake, kisha kwa nyuma akazamisha wavu wa chuma kisichoshika kutu kwa kile kifaa cha umeme cha mafundi redio cha kuchomelea risasi. Pengo alilijaza kwa vipande vya ABS kutoka kwenye kava bovu la pikipiki nyengine. Nilipomuuliza kuhusu gundi ya haraka ya dukani akakataa. Joto la pale linailegeza.

Msasa, puti ya plastiki, praima, rangi, na klia, ile rangi angavu ya mwisho. Hapa sina mengi, ni kazi ya kawaida.

Ulinzi wa joto ndio ninaousifia kuliko rangi. Kwa ndani ya kava alibandika karatasi ya alumini yenye gundi inayostahimili moto, halafu mbele yake akafunga kibati chembamba cha alumini juu ya washa, vile vipete vya kuweka chini ya skrubu, kikabaki na nafasi ya hewa nyuma yake. Mimi nilikuwa nataka bomba lizungushiwe ule utepe wa nyuzi unaoonekana kwenye pikipiki za mashindano. Akanikatalia, na nakubaliana naye: utepe ule unakunywa maji, na kwa mvua zetu za masika na hewa ya chumvi bomba la chuma cha kawaida litaliwa na kutu humo ndani bila ya mtu kuona.

Lisiloniridhisha ni rangi. Kivulini huoni tofauti, lakini juani kiraka kimekoza kuliko kava lililobaki. Anachanganya kwa jicho, na nyekundu iliyopigwa jua miaka mingi haipatikani hivyo. Anayejali sana muonekano amwambie apake kava zima. Jengine ni usalama. Anapiga klia ya kuchanganya na kikazio huku watoto wanapita uchochoroni, naye amejifunga kitambaa puani. Klia ya aina hiyo inataka barakoa yenye kichujio cha kemikali na watu wakae mbali. Nilimwambia kwa heshima, akasikiliza. Natumaini atainunua, kwa sababu mapafu yake ndiyo yanayotutengenezea makava.

Pia kazi ilichelewa. Tulikutana na siku za mvua, akakataa kupiga klia hewa ikiwa na unyevu kwa kuogopa ukungu mweupe kwenye rangi. Sikulalamika. Ila ukiwa pikipiki ndiyo riziki yako, nenda wakati wa jua, na uulize kwanza msimu wa karafuu, maana huwa anafunga akaenda shamba.

Ukishaichukua, baada ya safari za mwanzo zikaze tena nati za shingo ya bomba, injini ikiwa imepoa. Zangu zilikubali karibu robo mzunguko. Nilirudia na maji ya sabuni, na povu lilikaa kimya pande zote.