Tahadhari: "tapentaini ya paini" ya kwenye vidumu, wengi wanauziwa mafuta ya taa

Mafundi rangi na maseremala wa Mafinga, Makambako, Njombe na Mbeya mjini, kaeni macho. Kuna watu wanazungusha vidumu vya lita 5 visivyo na lebo, wakidai ni tapentaini halisi (kimiminika cha kuzimulia rangi ya mafuta na vanishi) ya utomvu wa paini za msitu wa Sao Hill. Utomvu kule unagemwa kweli, ndiyo maana uongo unapita kirahisi. Kilichomo ni mafuta ya taa yaliyoyeyushiwa ulimbo (utomvu unaonata) kidogo ili yanukie msitu.

Pua haitoshi, pima uzito kabla hujatoa hela. Weka chupa tupu kwenye mizani ya kidijitali, irudishe sifuri, mimina maji hadi gramu 500, chora alama usawa wa maji. Mwaga, kausha kabisa, kisha jaza bidhaa ya muuzaji hadi kwenye alama ileile. Tapentaini ya mti husoma karibu gramu 430, mafuta ya taa kama 400, petroli 370 hivi. Ikisoma 415, huenda umechanganyiwa nusu kwa nusu. Muuzaji akisingizia baridi ya Mafinga, mwambie baridi huongeza uzito, haipunguzi.

Mjanja huongeza dizeli au ulimbo mwingi ili uzito upande, kwa hiyo usiishie kwenye mizani. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, iache mahali penye hewa, mbali na moto. Halisi hukauka bila doa la maana. Mafuta ya taa na dizeli huacha doa la mafuta, ulimbo huacha alama inayonata. (Tapentaini halisi iliyokaa wazi muda mrefu nayo hunata. Hiyo pia mwachie mwenyewe.)

Vanishi iliyochanganywa na mafuta ya taa hukawia kukauka, na vumbi lote la barabarani linaganda humo. Penye petroli ni hatari zaidi: mvuke wa tapentaini huanza kushika moto kwenye nyuzi 35 hivi, wa petroli hata kwenye baridi ya Juni Njombe.

Na wale wanaosema "ni mti tu, unaweza hata kunywa kuua minyoo", wapuuzeni. Hata iliyo halisi ikinywewa huumiza mapafu na figo.

Uliyekwisha kununua, oshea brashi za rangi ya mafuta, nje, mbali na moto. Usitie kwenye koroboi wala jiko la mchina, maana hujui petroli imo kiasi gani.