Vidonda na maambukizi kuzunguka stoma: nini kinunuliwe kwanza kwa wakazi wa Mwanza

Mtu mwenye stoma, yaani tundu lililofunguliwa tumboni kwa upasuaji ili kinyesi au mkojo vitokee hapo na kuingia kwenye mfuko, akiona ngozi inayoizunguka imechubuka, inawasha na kutoa majimaji, kwa kawaida hukimbilia famasi kuomba dawa ya kupaka. Mwongozo huu unaiweka dawa ya kupaka karibu na mwisho, kwa sababu vidonda vingi vya eneo hilo huanzia kwenye uvujaji. Kinyesi au mkojo hupenya chini ya bamba la kunata linaloushikilia mfuko, hukaa juu ya ngozi kwa saa nyingi na kuichubua, kisha fangasi na bakteria hupata pa kuingilia. Wenye ileostomia, yaani stoma ya utumbo mwembamba, ndio walio hatarini zaidi, maana uchafu unaotoka hapo ni wa majimaji na bado una vimeng'enya vya kusaga chakula, ambavyo havitofautishi ugali na ngozi ya tumbo.

Kabla ya kununua chochote, tazama kidonda kilivyo. Ngozi iliyochubuliwa na uvujaji huwa mbichi pale tu uchafu ulipofika. Fangasi huleta upele unaowasha sana, wenye vidoti vidogo vilivyotawanyika nje ya eneo kuu, na hustawi kwenye joto na jasho. Vipele vyenye usaha kwenye vinyweleo huwapata zaidi wanaonyoa tumbo kwa wembe. Hao wapunguze nywele kwa mkasi au mashine. Vitabu vingi husema "wekundu", lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane, kwa hiyo tafuta rangi iliyokolea kuliko kawaida, joto, kung'aa au uvimbe. Ukiona homa, jipu, uvimbe unaosambaa, au kidonda kinachouma sana, chenye kingo za zambarau na kinachopanuka haraka, usinunue kitu. Nenda Bugando, Sekou Toure au hospitali iliyo karibu nawe.

Nafasi ya kwanza naipa bamba na mfuko vinavyolingana na stoma yako, pamoja na kadi ya kupimia, ambayo mara nyingi huwamo ndani ya boksi. Tundu la bamba linapaswa kuizidi stoma kwa milimita 2 hadi 3 tu. Likiwa pana zaidi, ngozi hubaki wazi na kuoga uchafu. Likibana, huikata stoma yenyewe. Stoma huendelea kunywea kwa wiki 6 hadi 8 baada ya upasuaji, hivyo anayekata tundu kwa kipimo alichopewa wodini miezi mitatu iliyopita anajitengenezea kidonda kwa mkasi wake mwenyewe. Mfuko wa vipande viwili, ambao bamba hubaki tumboni na mfuko pekee kubadilishwa, nauona bora kwa ngozi iliyoumia, kwa kuwa kila ubanduaji huondoa tabaka la ngozi. Wa kipande kimoja kwa kawaida ni nafuu na hujikunja vizuri zaidi na tumbo, nao unamtosha mwenye kolostomia, yaani stoma ya utumbo mpana, ambaye kinyesi chake ni kigumu. Stoma iliyozama huhitaji bamba lenye mbinuko, lakini hilo lichaguliwe na muuguzi, kwa sababu hukandamiza ngozi. Bamba zima hukaa kama siku 3 au 4. Likianza kuvuja au kuunguza libanduliwe siku hiyo hiyo, hata kama lilibandikwa asubuhi. Kuliongezea plasta juu ili lifike kesho ndiyo akiba ghali kuliko zote. Mfuko wa kunata wenyewe ulibuniwa mwaka 1954 na muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, kwa ajili ya dada yake aliyeogopa kutoka nje kwa hofu ya kuvuja. Hofu hiyo wengi wanaopanda daladala wanaijua.

Ya pili ni poda ya stoma. Hunyonya majimaji ya ngozi mbichi ili bamba lishike. Nyunyiza kidogo pale palipolowa, kisha pangusa yote iliyozidi, kwa kuwa poda ikibaki nyingi bamba halinati. Ngozi ikikauka, acha kuitumia. Poda ya watoto yenye manukato haishiki nafasi yake.

Kwa mwenye dalili za fangasi, poda ya klotrimazoli au mikonazoli hupanda hadi hapo hapo kwenye nafasi ya pili. Sisitiza upewe poda, maana krimu ina mafuta na huliondoa bamba. Endelea kuitumia kila unapobadilisha hadi muda aliokuelekeza mtaalamu uishe, hata kama muwasho umekoma mapema.

Ya tatu ni pete ya kuziba, ambayo hufinyangwa kwa vidole na kujaza mikunjo au kovu la upasuaji lililo kando ya stoma. Ipo pia pesti ya kuziba, ya kukamua kwenye tyubu, lakini nyingi zina alkoholi na huchoma sana kwenye kidonda kibichi, kwa hiyo chagua pete. Vitambaa vya kuweka utando wa kinga, visivyo na alkoholi, vinafaa, ila ni vya mwenye fedha iliyobaki.

Nafasi ya mwisho nazipa tyubu za mchanganyiko zenye dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kwa pamoja. Steroidi hutuliza muwasho upesi, mgonjwa akadhani amepona, kumbe ngozi inazidi kuwa nyembamba na fangasi wanaendelea kuenea. Zitumike kwa agizo la daktari tu, sawa na vidonge vya antibayotiki. Spiriti, Dettol na haidrojeni peroksaidi visiguse eneo hilo kabisa. GV, ile dawa ya maji ya zambarau, huficha rangi ya ngozi, muuguzi akashindwa kuona kinachoendelea. Kusafisha kunahitaji maji ya uvuguvugu na kitambaa laini; maji ya ziwa yachemshwe kwanza.

Kuhusu mahali pa kununua, anza na famasi kubwa za katikati ya jiji na zile zilizo karibu na hospitali, kwa kuwa duka la dawa muhimu la Igoma au Buhongwa kwa kawaida halina vifaa hivi. Kagua tarehe ya mwisho ya matumizi, na uangalie boksi lilikuwa limewekwa wapi: bamba lililokaa juani au chini ya bati lenye joto hulainika gundi na kuvuja mapema, hata likiwa halijaisha muda. Uliza kama wanauza moja moja, ujaribu aina mbili kabla ya kulipia boksi zima. Anayeishi Ukerewe au kisiwa kingine anunue ziada ya mabadilisho mawili au matatu, kwa sababu ziwa likichafuka chombo huahirishwa, na bamba linalovuja halisubiri.