Filimbi ya bati baada ya miaka 19: nilizojaribu na niliyobaki nayo

Noti ya kwanza niliyoipuliza baada ya miaka 19 ilimwinua binti yangu kitini. "Mama, birika linapiga mluzi!" akapaza sauti huku akikimbilia jikoni, nami niko sebuleni na filimbi mkononi. Sikuwa na la kujitetea. Nilikuwa nimeziba matundu yote sita kuitafuta D ya chini, noti ambayo mtoto hufundishwa siku ya kwanza, nayo ikanitoroka ikaenda kulia oktava ya juu, yaani noti hiyohiyo kwa sauti nyembamba zaidi.

Kosa nililifanya wakati wa kununua. Nilipoamua kurudia muziki wa jadi wa Ayalandi nilijiambia mtu mzima hanunui kitu cha kitoto, nikaagiza filimbi ya alumini iliyotengenezwa kwa mkono, aina wanayoitumia wapigaji wa jukwaani. Ni kitu kizuri, sitakisema vibaya: bomba pana, ukuta mnene, sauti inayosikika hata fidla na kodiani zikiwa zimepamba moto. Ila bomba pana linakula pumzi, na ukiyumba kidogo tu linakuumbua mbele za watu. Nilipoacha kupiga nilikuwa na miaka 24 na mapafu ya mpiga mbizi. Sasa nina 43, napanda ngazi kwa kushika ukuta. Nikaifunga kwenye kitambaa chake, nikanunua tatu za bei ya chini, nikaazima mbili, nikaanza upya.

Kabla sijafika kwenye hizo, neno moja kuhusu ufunguo, yaani ngazi ya noti ambayo filimbi imetengenezwa kuipiga, maana najua kuna atakayevutiwa na ile ya Eb (E iliyoshushwa nusu) au ya C kwa kuwa imemlilia vizuri. Nunua ya D. Bila kuhangaika na vidole inakupa ufunguo wa D na wa G, na nyimbo nyingi sana za Ayalandi zimekaa humo. Vitabu vya kujifunzia vimeandikwa kwa ajili yake, na ukienda kwenye kikao cha wapigaji ukatoa filimbi ya C utakaa unawatazama wenzio wakipiga. Nyingine zitafuata baadaye, kwa sababu ugonjwa huu haumwachi mtu na filimbi moja.

Niliyoanza nayo safari hii ilikuwa Clarke, ile nyeusi yenye michoro ya dhahabu. Hii ndiyo bati hasa: karatasi ya bati imekunjwa ikawa bomba pana juu na jembamba chini, na mdomoni pamezibwa kwa kipande cha mti. Robert Clarke, kibarua wa shambani huko Suffolk, Uingereza, alianza kuzitengeneza mwaka 1843, na inasimuliwa kwamba alitembea kwa miguu hadi Manchester akisukuma mkokoteni wa vifaa vyake, akiziuza njiani. Ukiipuliza unaelewa kwa nini imedumu. Sauti yake ina upepo ndani, kama mtu anayeimba huku anakunong'oneza. Kwa wimbo wa polepole jioni, sijaona mshindani wake kati ya hizi.

Lakini upepo ule unatoka kifuani mwako. Hewa nyingi inapita bila kuwa sauti, na kwenye rili, ule wimbo wa dansi wa Ayalandi wa mwendo kasi, nilikuwa nasimama kuvuta pumzi katikati ya neno, kama mtu anayehutubia huku anakimbia. Ipo ndugu yake, Sweetone, yenye bomba la umbo hilohilo na kichwa, pale pa kupulizia, cha plastiki. Haivuji pumzi namna ile, ni nyepesi, ni ya upole, na kama una majirani wakali au mtoto mchanga ndani ya nyumba, anza na hiyo usiangalie nyuma. Mimi niliiazima wiki mbili, nikairudisha kwa shukrani. Ilikuwa tamu mno kwa masikio yangu, sukari juu ya asali.

Halafu kuna zile za kawaida kabisa, bomba la shaba, tupu au lililopakwa nikeli, lililo sawa juu hadi chini, na kichwa cha plastiki cha rangi. Generation ya Uingereza, Feadóg na Waltons za Ayalandi, na wengineo. Waayalandi huiita feadóg stáin, na maana yake ndiyo hiyohiyo, filimbi ya bati, hata kama bati lenyewe halimo tena. Wahenga wanasema rahisi ghali. Kwa hizi nadhani wangeomba radhi. Micho Russell wa Doolin, Ayalandi, aliyefariki mwaka 1994, alijijengea jina kwa filimbi nyepesi na mapambo machache mno, na namkumbuka kila vidole vyangu vinapokataa mbio. Na kule Afrika Kusini, miaka ya 1950, akina Spokes Mashiyane walipiga kwela, muziki wa mitaani wa huko, kwa filimbi za namna hii, wameziinamisha pembeni mwa mdomo, wakauza santuri kwa maelfu. Hakuna aliyewauliza mbona hamna ya alumini.

Tatizo la hizi za kiwandani ni kwamba mbili zilizotoka sanduku moja zinaweza kuwa na tabia mbili. Niliyoletewa mimi, na jina la kampuni yake nalihifadhi, ilikuwa na usaha wa plastiki. Sina neno jingine. Ukichungulia kwenye dirisha la kichwa, pale hewa inapotoka kwenye mfereji na kuugonga ukingo mwembamba unaoichana, paliachwa kijinyama cha plastiki kilichobaki kwenye kalibu, chembamba kama ukucha wa mtoto. Noti za chini zilikuwa na kikohozi. A ya juu ilikataa kabisa.

Zamani ningeitupa. Safari hii nilikaa nayo mezani, taa imewaka. Kwanza nikachemsha maji, nikayaacha yapoe kidogo, nikachovya kichwa peke yake kwa muda wa kuhesabu hadi 30, kisha nikakishika kwa kitambaa nikakizungusha taratibu. Gundi ililia kidogo ikaachia. Hilo pekee lina faida ya maisha, kwa sababu kichwa kinachosogea ndicho kinachokuwezesha kulingana na wenzako: ukikivuta nje sauti inashuka, ukikisukuma ndani inapanda. Filimbi iliyogandishwa kiwandani haikupi nafasi hiyo, na wengi hupiga miaka wakidhani masikio yao ndiyo mabovu. Nikakikwangua kile kijinyama kwa ncha ya wembe, kidogokidogo, bila kuugusa ukingo wenyewe. Ukiukata ukingo umeua filimbi. Kisha nikachukua ile gundi laini ya kubandikia mabango ukutani, nikafinyanga donge dogo kuliko punje ya mahindi, nikaliingiza kwa kijiti ndani ya shimo lililo chini ya mfereji wa hewa, nikalisawazisha hadi likawa sakafu moja na mfereji. Lile shimo limeachwa na kiwanda, lakini ndilo linalozitikisa noti za juu.

Nikarudisha kichwa, nikapuliza. A ya juu ikatoka. B ikafuata, imekunja uso kidogo, lakini ikatoka.

Sasa, jinsi ya kuipima filimbi kabla hujalipa, au siku inapofika nyumbani na bado unaweza kuirudisha. Usianze na wimbo. Mtu anayerudi ana mazoea ya kuanza na wimbo anaoukumbuka, na wimbo unamhadaa. Ziba matundu yote, puliza D ya chini kama unapuliza chai ya moto, uone itakaa au itaruka. Ongeza pumzi taratibu hadi ipande oktava, na usikilize inapopanda: nzuri hupanda kama mtu anayevuka kizingiti, mbaya hupanda kama mtu aliyejikwaa. Weka programu ya kupimia sauti kwenye simu, ulinganishe D mbili. Kisha C ya kawaida, ile isiyo na kupandishwa: tundu la juu wazi, la pili na la tatu yamezibwa, yaliyobaki wazi. Ikiwa C hiyo imepinda sana, utapigana nayo katika nusu ya nyimbo za G. Malizia na A na B za juu. Zinataka pumzi nyingi, ni kweli, ila hazipaswi kutaka ujasiri.

Na kabla hujailaumu filimbi, angalia vidole vyako. Hili sikuambiwa na mtu. Nilibana matundu yote sita kwa nguvu, nikahesabu kumi, nikageuza mikono. Kwenye vidole vitano kulikuwa na duara kamili lililochapwa na tundu. Kwenye kidole cha pete cha mkono wa kulia kulikuwa na mwezi mwandamo. Basi kumbe birika lile halikuwa kosa la pumzi peke yake. Kidole kilikuwa kimejisahau, kinaziba tundu robo tatu, na tundu linalovuja kiasi cha unywele linatosha kuirusha D ya chini. Nimekuwa nikikirekebisha mwezi mzima, sehemu ya nyama ya kidole iwe juu ya tundu badala ya ncha. Filimbi ya alumini nilishaitukana bure.

Jambo jingine ni maji. Ukipuliza dakika kumi, mvuke wa pumzi unageuka maji mferejini na sauti inakuwa ya mtu mwenye mafua. Filimbi baridi ndiyo inayoziba zaidi, tena ikiwa baridi sauti yake iko chini, kwa hiyo naiweka kwapani kwanza nikiwa nasoma au napika. Pia nadondosha tone la sabuni ya vyombo kwenye maji, napitisha mferejini, naacha ikauke bila kupangusa. Maji yakishindwa kujikusanya kuwa matone yanatandaa na kupita zake.

Nilijaribu pia filimbi kubwa ya D, ile inayolia oktava nzima chini, kwa sababu rafiki alikuwa nayo na sauti yake humfanya mtu adhani ana huzuni kubwa kuliko aliyonayo. Aina hii ya kisasa ilianza na Bernard Overton, Mwingereza, aliyemtengenezea mwanamuziki wa Ayalandi Finbar Furey mapema miaka ya 1970. Ina urefu wa karibu sentimita 60, na matundu yako mbalimbali kiasi kwamba ncha za vidole hazifiki. Unaziba kwa pingili za katikati, kama wapiga zumari za mfuko. Baada ya robo saa mkono wangu wa kulia ulikuwa unaomba talaka. Kama unarudi, iache kwanza, hata kama ndiyo iliyokurudisha.

Za mbao nilizishika tu. Zipo nzuri za mpingo, nzito, zenye sauti ya mviringo, lakini zinataka kupakwa mafuta na kukaushwa kila baada ya kupigwa, na mtu ambaye bado hajui kama atapiga kesho hana haja ya kulea.

Niliyobaki nayo ni ile ya shaba yenye gundi ya mabango tumboni. Inakaa karibu na mlango, bila mfuko, ili niichukue hata nikiwa na dakika tano. Haiombi pumzi nisiyonayo, na nikikosea inaniambia kwa sauti ya kawaida, haipigi yowe. Clarke iko chumbani kwa ajili ya usiku. Ya alumini sijaiuza. Jumapili naifungua kitambaa, naipasha kwapani, naziba matundu sita na kukiangalia kidole cha pete, kisha naishika D ya chini huku nahesabu. Wiki iliyopita ilikaa hadi nane kabla haijaruka. Ikifika kumi na mbili nitaipeleka kwenye kikao.