Cordoba, Sevilla na Granada bila kundi la watalii

Nilikwenda kusini mwa Uhispania kwa ajili ya Alhambra, ngome na kasri la watawala wa Kiislamu huko Granada, kama wengi wanavyofanya. Nimerudi nikiisifu Cordoba.

Usafiri wenyewe haukunisumbua. Treni ya mwendo kasi, AVE, imekuwa ikikimbia kati ya Madrid na Sevilla tangu 1992, na Cordoba iko njiani. Kutoka hapo hadi Sevilla ni kama dakika 45 tu. Kata tiketi mapema mtandaoni; ukingojea siku ya safari, bei inapanda vibaya.

Wengi huishukia Cordoba asubuhi na kuondoka jioni. Mimi nasema lala hapo. Msikiti mkuu, ambao leo ni kanisa kuu, ulianza kujengwa mwaka 785 na Abd al-Rahman wa Kwanza, yule aliyekimbia Sham baada ya ukoo wake wa Bani Umayya kupinduliwa. Nilipokwenda, kiingilio kilikuwa bure kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, isipokuwa Jumapili, na makundi ya watalii yalikuwa hayajafika. Nguzo ni zaidi ya 800. Zitazame kwa karibu: nyingi zilitolewa kwenye majengo ya zamani ya Warumi, kwa hiyo hii ni laini, ile ina mifereji, na vichwa vyake havifanani. Kwa kuwa zilikuwa fupi, mafundi waliweka matao juu ya matao, mekundu kwa meupe, ili dari ipae. Kisha, katikati ya msitu huo, unakutana na kanisa la karne ya 16 limechomekwa. Kazi nzuri, lakini mahali pake, mmh. Waislamu wajue kwamba kuswali humo hairuhusiwi, na walinzi hawana mzaha.

Sevilla nitaipitia haraka. Mnara wa Giralda, uliokuwa wa msikiti, unapandwa kwa njia ya mwinamo badala ya ngazi, hivyo hata wenye magoti mabovu wanajaribu. Julai na Agosti usiende. Joto hupita nyuzi 40.

Granada ni Alhambra, na Alhambra ni tiketi. Ya kasri za Wanasri, ukoo wa mwisho wa Kiislamu kutawala Granada, ina saa yake maalumu, ukichelewa hawakuingizi. Beba pasipoti, wanaiangalia. Tiketi huisha wiki nyingi kabla, hapo ndipo mawakala huuza za kwao kwa bei ya kuruka. Ndani, maneno «wa la ghalib illa Allah» (hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu) yamechongwa ukutani tena na tena, mengine usawa wa macho. Uzuri upo, ila unaufikia kwa kusukumana na watu. Jioni panda Albaicín, mtaa wa kale ulio kilimani, kwenye bustani ya msikiti uliofunguliwa 2003. Kutoka hapo kasri lote unaliona ng'ambo ya bonde, na hulipi kitu.

Chakula: nguruwe hujipenyeza hata kwenye mchicha, hivyo uliza kabla hujaagiza. Mtaa wa Calderería Nueva, Granada, una migahawa ya Wamoroko na chai ya nana ya kutosha.

Kuhusu viza ya Schengen, ile ya kuingia Uhispania na nchi nyingi za Ulaya, maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, na bima ya matibabu iwe ya angalau yuro 30,000. Ukishaipata, nunua tiketi ya Alhambra siku hiyohiyo, hoteli baadaye.