Kustaafu Mombasa: kubaki na Medicare au kukata bima ya huku?

Ile kadi ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, yenye nyekundu, nyeupe na buluu, ukiitoa dirishani hospitalini Mombasa, ni pambo. Kwa kawaida Medicare hailipi matibabu nje ya Marekani. Sehemu A (ya kulazwa hospitalini), kwa aliyefanya kazi kule miaka 10, haina ada ya mwezi, iache ilivyo. Kazi iko kwenye Sehemu B (ya daktari na matibabu bila kulazwa): ilikuwa dola 185 kwa mwezi mwaka 2025. Ukiiacha ukaitaka tena baada ya miaka mitatu, ada hupanda asilimia 30, na nyongeza hiyo kwa kawaida haiondoki.

Bima ya huku hukufaa ukilazwa huku. Ila uliza umri wa mwisho wa kujiunga, na kama sukari au presha uliyokuja nayo inakubaliwa. Mwenye wajukuu Boston wa kuwarudia, ningemshauri alipe zote mbili. Aliyekwisha kuuza nyumba na kuaga, B ya nini?